Jiwe la Thelathini

Nyumbani kwetu mahali palitajwa kwa mawe. Baba alikuwa mtu wa genge la reli, wale wanaokaza boliti, kubadilisha mataruma, vile vyuma vinavyolazwa chini ya reli, na kushindilia kokoto chini yake, na watu wa genge hawakusema "karibu na kijito fulani" wala "pale kwa mzungu wa ng'ombe". Kando ya njia yote kulikuwa na alama zenye namba, wao wakiziita mawe, na kila jambo lilikuwa na jiwe lake. Ng'ombe aligongwa jiwe la ishirini. Nyuki walimvamia mnyapara jiwe la thelathini na tano. Hata mimi, ukimuuliza Mama nilizaliwa wapi, hakutajii hospitali wala kijiji. Anakutajia jiwe.

Dada yetu alizikwa jiwe la thelathini.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa wazazi wangu. Homa ilimchukua akiwa ananyonya, kabla ya kaka yangu kuzaliwa na kabla yangu mimi. Baba alimzika kando ya landhi, zile nyumba za vyumba viwili viwili ambazo genge lilipewa kukaa karibu na kazi yake, akasimamisha kipande cha taruma kuwa alama. Muda si mrefu uhamisho ulikuja. Genge likapakiwa kwenye behewa pamoja na kuku na masufuria, likashushwa kwingine, na Mama hakurudi tena mahali pale. Nilikua nikijua kwamba nina dada jiwe la thelathini, kama mtoto mwingine anavyojua ana shangazi Mumias.

Reli yenyewe ni tawi tu. Ile kubwa inatoka pwani, inapanda Eldoret, inateremka Webuye na Bungoma kwenda Malaba hadi Uganda. Tawi linachomoka Leseru, linapita Soy na Moi's Bridge, linavuka mto Nzoia na kuishia Kitale. Linaishia kweli: mbele ya stesheni kuna vizuizi vya chuma, halafu nyasi. Iliyolijenga ni serikali ya wakoloni, kwa ajili ya masetla waliotaka mahindi na ngano yao ifike baharini. Waliobeba mawe na kuchimba udongo ni watu wetu. Uhuru ulipokuja, mashamba yale makubwa yakakatwakatwa, lakini gari la moshi likaendelea kuja na mbolea, kuondoka na mahindi, na kubeba abiria waliokuwa na subira. Nikiwa mdogo ungeweza kushuka, ukajisaidia kichakani na kulidaka tena kabla halijashika kasi. Baba hakupenda mzaha huo. Alisema polepole ile ni heshima kwa reli.

Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuzunguka. Kaka yangu alibaki kwetu Matulo, karibu na Webuye, akalima miwa, akaoa, akawa mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa utingo wa lori la mahindi, kisha dereva, kisha mchuuzi wa nguo Kapsokwony, kisha dereva tena. Sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Nadhani ni landhi zile: nilizoea kwamba nyumba ni kitu unachopewa mpaka uhamisho uje. Malori niliyoendesha ndiyo yaliyoiua reli ya Kitale, najua. Mfanyabiashara alitaka mahindi yake yafike kinu cha unga kesho, si wiki ijayo.

Miaka ninayoisimulia, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilikuwa nimepanga chumba Kitale, mtaa wa karibu na msikiti. Gari la moshi lilikuwa limeacha kuja. Mwenye nyumba wangu alikuwa fundi cherehani, mzee Mwislamu ambaye babu yake alifika Kitale wakati mji ulikuwa maduka machache tu. Asubuhi moja nilimkuta mlangoni akitazama mkokoteni ukipita na vyuma vilivyofunikwa turubai.

"Hiyo ni reli yenu," akaniambia.

"Reli gani, mzee?"

"Hii yetu ya kwenda Moi's Bridge. Wanang'oa mataruma usiku, mchana wanapita nayo hapa kama ni kuni. Wewe si mtoto wa reli? Nenda uangalie kabla hujabaki na hadithi."

Niliangalia. Kutoka stesheni nilitembea juu ya njia mpaka nyumba za mji zikaisha. Sehemu nyingine reli mbili zilikuwa zimelala bila taruma hata moja chini yake, kama ngazi iliyotolewa vipago. Watu walikuwa wakisema kwamba reli nzima itakabidhiwa kwa wenyewe wapya, wengine wakisema tawi litafunguliwa tena, wengine kwamba litang'olewa lote. Hakuna aliyejua.

Jumapili hiyo nilikwenda Matulo nikamwambia Mama. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Na mawe?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Alama za chuma hakuna hata moja. Za simiti ziko. Simiti hainunuliwi na watu wa chuma chakavu."

Alichambua kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Basi nendeni mumlete dada yenu kabla mahali pake hapajapotea. Mimi siku zangu zimekwisha. Sitaki kwenda kulala kando ya baba yenu aniulize, mtoto uliacha wapi?"

Kaka yangu alikuwa mlangoni. "Mama, mtoto yuko kwa Mungu."

"Najua yuko kwa Mungu, mzee wa kanisa. Udongo wake uko reli."

Kwetu mtu aliyezikwa mbali anaweza kuletwa hivyo. Ndugu zake wanakwenda, wanamwita, wanachukua udongo wa mahali pake, wanauleta nyumbani na kuulaza kwa wenzake. Yapo mambo ya kufuata. Anayeubeba hauweki chini njiani. Garini unapewa nafasi kama mtu. Na kila mto mnaoufikia lazima aambiwe, asije akabaki ng'ambo akishangaa. Hata maiti kwenye jeneza huambiwa. Kaka yangu, pamoja na uzee wake wa kanisa, aliyajua haya kuliko mimi.

Tulikwenda wiki iliyofuata. Nilijua mawe ya tawi yanahesabiwa kuanzia Leseru, kwa hiyo tulishukia barabarani upande wa Soy, tukaingia kwenye njia ya reli na kufuata namba. Nyasi zilifika magotini. Kaka yangu alitembea juu ya mataruma, nami kando, kwa sababu hatua ya taruma haijawahi kunikaa.

"Wewe na hii reli," akasema, "si ungeoa yeye tu?"

"Angekubali. Yeye pia hana kwao."

"Ati hana kwao. Wewe uko na kwenu, ni vile hutaki kukaa."

Jiwe la thelathini lilikuwapo. Nguzo fupi ya simiti, rangi nyeupe imebaki upande mmoja, namba inasomeka vizuri. Hapakuwa na landhi, lakini landhi nyingi zilikuwa zimebomolewa na matofali kuchukuliwa, kwa hiyo hatukushangaa. Palikuwa na kichuguu kilichochakaa na nyasi fupi, tukadhani ndipo. Kaka yangu alivua kofia. Aliomba kwanza sala ya kanisani, ndefu kidogo, kisha akabadilisha sauti.

"Dada, sisi ni ndugu zako. Hukutuona, tulikuja nyuma. Mama anakuita. Twende nyumbani."

Tulichota udongo tukaufunga kwenye kitambaa cheupe alichonipa mwenye nyumba wangu. Nilimwambia ni cha nini, akakikata kutoka kwenye jora bila kuuliza swali la pili. Kwenye matatu kaka yangu aliupakata. Tulipofika daraja la Moi's Bridge, aliinama kidogo akasema, "Dada, huu ni mto Nzoia. Tunavuka." Abiria aliyekaa karibu nasi aligeuza uso akatazama nje, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mbele ya msiba wa wenyewe.

Jioni tulimkuta Mama akitungoja kwenye lango. Alikuwa amevaa nguo yake ya Jumapili. Kando ya kaburi la Baba alikuwa amefagia na kuchimba kishimo, mwenyewe, kwa jembe.

"Mlimwambia mito?" akauliza.

"Tulimwambia yote," kaka yangu akasema. "Nzoia, Kamukuywa, na vile vidogo."

Mama alikuwa amenyoosha mikono kupokea. Mikono ilibaki hewani.

"Nzoia ya wapi?"

"Mama, Nzoia ni moja. Hapo Moi's Bridge."

"Mlivuka Nzoia mkija huku?"

"Sasa tungepita wapi?"

Mama alishusha mikono. "Mtoto wangu hakuvuka Nzoia. Landhi yetu ilikuwa upande huu wa Kitale. Soko ndilo lilikuwa ng'ambo, na maji yalikuwa yanajaa, mimi niliogopa kuvuka na yeye. Kila siku ya soko nilimwachia bibi ya mnyapara. Hakuwahi kuvuka hiyo mto hata siku moja, akiwa hai. Amevukaje leo?"

Tulisimama pale langoni. Kaka yangu alikitazama kitambaa alichokipakata njia nzima.

"Kwa hivyo huyu ni nani?"

"Mimi sijui," Mama akasema. "Pengine si mtu. Lakini mliita, na mkasema twende nyumbani. Huwezi kuita halafu useme hakuna aliyekuja."

Udongo haukuingia ndani, wala haukuachwa barabarani. Mama aliuweka kwenye ghala la mahindi, juu ya gunia, akaufunika kwa kanga. Kishimo alikifunika kwa ungo.

Nilikaa nje nikijaribu kuelewa. Jiwe lilikuwa thelathini, niliiona namba kwa macho yangu. Ndipo nikamkumbuka Baba akiwa na ndoo ya chokaa. Serikali ilipoacha maili na kuchukua kilomita, magenge yalipewa kazi ya kusimamisha nguzo mpya za simiti. Nilikuwa shule ya msingi. Nilimwona Baba na wenzake wakichimba, wakisimamisha, wakipaka rangi, na alama za zamani, zile za chuma zenye namba za maili, zikaachwa zisimame mahali pake kwa sababu hakuna aliyeagizwa kuzing'oa. Miaka mingi reli ilikuwa na namba mbili. Watu wa genge hawakupata shida. Mambo mapya waliyataja kwa mawe mapya, na ya zamani yakabaki kwenye mawe yake. Dada alikufa wakati wa maili. Baba mwenyewe alizisimamisha zile nguzo mpya, lakini kinywani mwake dada alibaki thelathini, na hakuwaza kwamba siku moja wanawe watakwenda kumtafuta wakati alama za maili zimeuzwa kwa kilo.

Maili thelathini ni kilomita arobaini na nane na kitu. Tulikuwa tumemtafuta karibu na Soy mtu aliyelala kati ya Moi's Bridge na Kitale.

Nilimweleza kaka yangu asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo sekondari ulisomea nini?"

"Yale yale uliyosoma wewe."

"Mimi nililala darasa ya hesabu, kila mtu anajua. Wewe ulikuwa unajidai."

Mama alisema safari hii anakwenda mwenyewe. Kaka yangu alitaja miguu yake, akataja presha, akataja jua. Mama alikuwa tayari ameshafunga leso. Niliazima pikapu ya jirani nikaendesha, Mama akiwa mbele amepakata kitambaa kile, kaka yangu nyuma ameshika jembe.

Tulianza na mgeni. Tulipita Kitale, tukafika daraja, na Mama akamwambia mto. "Huu ni Nzoia. Ulivuka juzi kwa kukosewa. Unavuka kurudi kwako." Kwenye nguzo ya simiti hakukubali tumwage udongo. Alipiga magoti, akafungua kitambaa, akaurudisha kwa mkono mahali palepale tulipochota, akausawazisha.

"Utusamehe," akasema. "Hawa ni watoto wangu. Walikuwa wanatafuta dada yao. Kama ni mtu, lala vizuri. Kama hakuna mtu, Mungu ameona."

Kaka yangu alikung'uta magoti ya suruali yake ingawa hakuwa amepiga magoti.

Tukarudi tukavuka daraja mara ya pili. Pikapu niliiacha kwenye njia ya shamba, tukatembea polepole, Mama akiwa kati yetu. Nguzo ya arobaini na nane ilikuwa imeegemea upande. Tuliipita kidogo kuelekea Kitale, kama hesabu ilivyosema. Kila upande palikuwa na shamba. Watu walikuwa wamelima mpaka kwenye kokoto, mahindi upande mmoja, maharagwe upande mwingine, na njia ya reli imepita katikati kama mpaka wa majirani wasiosalimiana.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia aliinuka akatutazama. Alikuwa na umri wa kuwa binti wa Mama. Hakuweka jembe chini.

"Mnatafuta nani?"

"Habari ya kazi, mama," kaka yangu akasema.

"Nzuri. Mnatafuta nani?"

Namwelewa. Pande zile watu wanaokuja na mzee na kuonyesha shamba kwa kidole mara nyingi wanamaanisha jambo moja: babu yetu alikuwa hapa, ondokeni. Watu wamechomewa nyumba kwa maneno hayo. Tena yeye mwenyewe alikuwa akilima ardhi ya reli na alijua hivyo. Kaka yangu alianza kueleza, maili, kilomita, genge, serikali, na kadiri alivyoeleza uso wa mwanamke ulizidi kufungwa.

"Kama ni shamba," akasema, "ngojeni mume wangu arudi."

Mama alimpita kaka yangu. "Mwanangu, shamba ni yako. Mimi nilizika mtoto hapa, nikiwa kama wewe. Nataka udongo wa kushika na mkono moja tu, halafu naenda."

Mwanamke alimtazama. "Mtoto wa miezi mingapi?"

"Alikuwa anaanza kukaa."

Yule mwanamke aliweka jembe chini. "Mimi sijawahi kuona kaburi hapa. Kwa haki ya Mungu, singelima juu."

"Huwezi kuona. Kulikuwa na chuma, wamechukua. Nyumba zilikuwa wapi?"

Nyuma ya migomba, mwanamke akasema, kuna simiti ya zamani, yeye huanikia mahindi. Tulikwenda. Ilikuwa sakafu ya landhi, ndefu, imepasuka, na mbele ya kila chumba kidato kimoja cha kuingilia. Mama alitembea akivihesabu kwa kichwa, akarudi nyuma kimoja, akageuka na kukaa. Alikaa kama mwanamke anayepika: miguu imefungwa upande mmoja, kiwiko gotini. Sisi watatu tulisimama.

"Jiko lilikuwa hapa," akasema. "Nikikoroga uji nilikuwa namwona. Nilimwambia baba yenu amzike mahali nitaona, si nyuma ya nyumba."

Akanyoosha mkono mbele yake, juu ya maharagwe, upande wa reli. "Kaka yako asimame pale. Songa. Songa tena. Hapo."

Kaka yangu alikuwa katikati ya tuta, miguu imechanuliwa asikanyage maharagwe. Mwanamke aling'oa mashina mawili kwa mikono yake kabla hatujamwomba. Mama alishuka kutoka kidatoni, akaja, akapiga magoti. Hakuomba sala ndefu. Alimwita dada kwa jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia, maana nyumbani tulimtaja kwa jiwe tu, na kaka yangu nilimwona ameinua kichwa kama mtu aliyeitwa yeye.

"Nimechelewa," Mama akasema. "Njoo."

Udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Mwanamke alitusindikiza mpaka kwenye pikapu, akampa Mama mkungu mdogo wa ndizi, na akauliza kama tunaona ni vibaya akiendelea kupanda pale. Mama alimwambia apande. Maharagwe ni sawa, alisema, yasiwe makonge, yale yana miiba.

Nilirudi kwa njia ya Kitale. Nilisimama mtaani kwangu kidogo kumwonyesha mwenye nyumba kwamba kitambaa chake kimepata kazi yake. Alikuja mpaka dirishani, akaona Mama alivyokipakata, akasema pole, akarudi kwenye cherehani yake. Baada ya hapo ilikuwa vijito tu, na Mama hakuruka hata kimoja. Mto Kamukuywa alimweleza kwa kirefu: maji yake yanatoka mlimani, baba yako alipenda samaki wake. Kaka yangu alikuwa amelala huko nyuma kando ya ndizi.

Karibu na nyumbani njia yetu ya murram, ya udongo mwekundu, inakata reli kubwa, ile ya Webuye kwenda Bungoma. Hapana lango wala taa, ni kibao tu. Reli ile ilikuwa ingali inafanya kazi, juu yake paling'aa. Nilipunguza mwendo, na Mama akanishika mkono niliokuwa nimeshika gia.

"Simama kwanza."

"Ni reli, Mama. Si mto."

"Najua."

Nilisimama. Aliinama juu ya kitambaa.

"Hii ni reli," akamwambia. "Hii unaijua. Tukivuka, tumefika."

Nilitazama pande zote mbili, nikavuka.